Msiba Wenye Miadi

Katika milima ya kaskazini-mashariki mwa Bara Hindi, mahali ambapo nchi ya Wamizo imebanwa baina ya Bangladesh upande wa magharibi na Myanmar upande wa mashariki na kusini, uko mwanzi ambao wenyeji huuita mautak na wataalamu wa mimea huuita Melocanna baccifera, nao una tabia ambayo kwa muda mrefu imewashughulisha watu wa elimu na watu wa dini kadhalika: huishi miaka 48 hivi bila ya kutoa ua, kisha, ukiwadia wakati wake, huchanua wote kwa pamoja, bonde kwa bonde na kilima kwa kilima, huzaa matunda makubwa, na ukisha kuzaa hufa, mkongwe na kijana, mnene na mwembamba. Ulichanua mwaka 1862. Ukachanua tena mwaka 1911. Ukachanua mwaka 1959. Na mara ya mwisho ulichanua mwaka 2006 na 2007. Hakuna mfalme aliyeutangazia siku, wala mvua ya mwaka ule haikuwa sababu, kwa maana hesabu ya miaka imo ndani ya mwanzi wenyewe, na chipukizi linalong'olewa likapandwa mbali halianzi hesabu mpya, bali huendelea na hesabu ya mama yake.

Mtaalamu wa Marekani, Daniel Janzen, alieleza mwaka 1976 kwamba mianzi ya namna hii hungoja miaka mingi na kuzaa kwa pamoja ili mbegu ziwe nyingi mno kupita uwezo wa wanyama kuzila, na hivyo, hata kila mlaji akishiba, zibaki mbegu za kuota na kurudisha kizazi. Maelezo haya yana uzuri wake, na mtu mwenye imani hayamwondolei chochote katika kumshangaa Muumba, humwongezea. Lakini mlaji mmoja hushiba na kuzaa kwa upesi kupita wengine, naye ni panya. Maadamu matunda yametapakaa chini ya mianzi, panya hula, huzaliana, na watoto wao huzaa kabla ya mwaka kupinduka. Kisha mvua za kwanza hunyesha, mbegu zilizosalia huota, chakula cha msituni hukatika ghafula, na jeshi lile lisilo na idadi hutoka usiku kwenda katika makonde ya mpunga na mahindi yaliyofyekwa mlimani, na konde ambalo jioni lilikuwa linasubiri mavuno, asubuhi huwa ni mabua matupu. Wamizo wameupa msiba huo jina la mautam, yaani kifo cha mianzi, na wazee wao waliuhesabu kizazi baada ya kizazi kabla ya mtu wa serikali kufika na karatasi yake.

Hapa ndipo penye swali ninalotaka kulizungumza. Watu wa dini, wawe Waislamu wa pwani yetu au Wakristo wa milima ile, hukubali kwamba yako mambo yaliyokadiriwa ambayo kiumbe hana amri juu yake. Mwanzi una ajali yake, na ajali ikifika haikawii wala haitangulii. Panya naye ana maumbile yake, nayo ni kula na kuzaa. Basi mtoto wa Kimizo aliyelala na njaa mwaka 1959 alilala na njaa kwa kadari, au alilala na njaa kwa taksiri ya watu? Na kama ni vyote viwili, mpaka wa moja na nyingine uko wapi? Swali hili si la milima ile peke yake, na jibu lake lina uzito siku hizi kupita ulivyokuwa zamani, lakini kule Mizoram, nchi ya Wamizo, lilipimwa kwa mizani iliyo wazi, kwa sababu msiba wenyewe ulikuwa na miadi. Gharika huja bila ya hodi. Tetemeko halitumi barua. Mautam hujulikana mwaka wake miaka arobaini kabla.

Mwaka 1958 nchi ya Wamizo ilikuwa wilaya moja katika jimbo la Assam, na makao ya serikali ya jimbo yalikuwa Shillong. Baraza la Wilaya, lililojaa watu waliozaliwa na kukulia katika mianzi ile, lilijadili habari ya mautam inayokuja, likaandika kwamba panya wataongezeka na njaa itafuata, likaomba fedha za matayarisho. Ombi lilikataliwa. Kwa wale waliolikataa, habari ya maua kuleta njaa ilikuwa ni itikadi ya watu wa milimani, haikuwa maarifa ya kutoa fedha za hazina. Wazee wa pwani walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini katika jambo hili aliyekataa kusikia hakuvunjika, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine. Mianzi ikachanua kama ilivyoahidi, panya wakatoka kama ilivyonenwa, na watu wakaingia msituni kuchimba viazi vya mwitu na mizizi ya kila namna ili roho zisitoke. Msaada ulikuja, mwingine ukidondoshwa kwa ndege kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na barabara, lakini ulikuja baada ya ghala kuwa tupu.

Yaliyofuata yameandikwa katika tarikh ya India. Palizuka chama cha kuwasaidia wenye njaa, kikaongozwa na Laldenga, aliyepata kuwa askari na karani. Vijana wake walibeba mchele mabegani kupeleka vijiji vya mbali, na kwa kubeba huko wakapendwa. Katika mwaka 1961 chama kiliondoa neno njaa katika jina lake kikawa chama cha siasa, na mwisho wa mwezi wa Februari 1966 kikashika silaha kudai nchi iwe mbali na India. Mwezi wa Machi mwaka ule ndege za kivita za India ziliupiga mji wa Aizawl, yaani serikali iliwapiga kwa mabomu watu ambao iliwahesabu kuwa ni raia wake. Na tangu mwaka 1967 wanavijiji wengi walihamishwa kwa amri ya jeshi wakakusanywa katika vijiji vyenye ulinzi kando ya barabara, makonde yao ya zamani yakarudi kuwa pori. Amani haikutiwa sahihi mpaka tarehe 30 Juni 1986, na Mizoram ikawa jimbo kamili mwezi wa Februari 1987. Sisemi kwamba panya ndio waliozaa vita. Malalamiko ya Wamizo yalikuwa mengi na mengine yalitangulia mwaka 1959. Nasema kwamba watu waliotoa habari wakadharauliwa, kisha wakazika wafu wao, hawakuwa na sababu ya kuamini tena neno la aliyewadharau, na uaminifu ukiisha baina ya mtawala na mtawaliwa, hakuna hazina inayoweza kuununua.

Kisa cha Nabii Yusuf kinajulikana na wasomaji wa Kurani na wasomaji wa Biblia sawasawa, na Wamizo, ambao wengi wao ni Wakristo kwa kazi iliyoanzwa na wamisionari waliofika kwao mwaka 1894, wanakijua toka utotoni. Mfalme wa Misri aliota ndoto, na tafsiri ya ndoto ilikuwa miaka saba ya neema na miaka saba ya ukame. Kwa muda mrefu nimekifikiri kisa hiki, na jambo linalonishika si uwezo wa Yusuf wa kufasiri, bali ni lile alilolitenda baada ya kufasiri. Hakusema kwamba ukame umeandikwa, basi watu wakae wautazame. Wala hakuomba ukame uondolewe. Aliomba apewe ghala. Aliikubali kadari pasipo kuipunguza hata chembe, miaka saba ya ukame ikaja yote kama ilivyooneshwa, lakini watu wa Misri walikula, na watu wa nchi jirani wakaja kula kwao. Ujuzi wa mambo yajayo ulipofika katika moyo wake uligeuka papo hapo kuwa dhamana, na cheo alichokitaka kilikuwa cha mtunza hazina, mtu anayeulizwa kila gunia.

Wako wanaochelea kwamba kujitayarisha sana ni upungufu wa kutawakali. Hawa nawakumbusha habari ya Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapashwa habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kuwarudisha watu wake; na Abu Ubaida, ambaye hakuna mwenye shaka juu ya ucha Mungu wake, alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimfahamisha kwamba wanaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Tauni imekadiriwa, na njia ya kurudi imekadiriwa, na akili ya kuchagua baina yao imekadiriwa vilevile; anayeikana ya pili na ya tatu kwa kuitukuza ya kwanza ameigawa kadari vipande, akachukua kipande kinachompumzisha. Sioni namna ambayo afisa aliyelitupa ombi la Baraza la Wilaya angeweza kujificha nyuma ya majaliwa, kwa kuwa ombi lenyewe lilikuwa ni sehemu ya majaliwa, lilifika mezani kwake mwaka mmoja kabla ya njaa, likiwa limeandikwa.

Katika Wamizo wenyewe iko mila moja inayonipa faraja. Mwanamke anapopima mchele wa kupika, hutenga konzi moja kwa ajili ya kanisa, kila mapishi, kila siku. Konzi hizo hukusanywa nyumba kwa nyumba, huuzwa, na fedha yake huendesha kazi za dini na za huruma. Mila hiyo ilianza mwaka 1910, mwaka mmoja kabla ya mianzi kuchanua. Sijui zuhudi iliyo nyepesi kutazamwa na nzito kutendwa kupita hiyo, kwa sababu haingoji mtu awe na ziada. Humtaka atoe katika kile kile anachokwenda kula. Juu ya hayo Wamizo wana adili wanaloliita tlawmngaihna, ambalo humtaka mtu ajitangulize katika taabu ya wenzake na ajirudishe nyuma katika raha, bila ya kuombwa na bila ya kujisifu. Watu wenye adili hilo walikuwa tayari kugawana walichokuwa nacho. Kilichopungua mwaka 1959 hakikuwa moyo wa kugawana, kilikuwa cha kugawanywa.

Dharau ya elimu ya wanyonge haikuishia katika milima ile, na habari ya mwanzi nchini India imejaa mifano yake. Kusini-magharibi, katika misitu ya Karnataka, kiwanda cha karatasi kilijengwa Dandeli katika miaka ya hamsini, na serikali ikakiruhusu kukata mianzi kwa bei ya kutupa, ilhali mafundi wa vikapu waliotegemea mianzi ile ile tangu enzi za mababu walinunua sokoni kwa bei ya juu. Matawi ya miiba huota yakasokotana kuzunguka shina la mwanzi wa kule, nao watu wa kiwanda, kwa kuona kwamba miiba inazuia ukataji, waliifyeka wakisema kwamba shina likisafishwa litakua vizuri zaidi. Wanavijiji walisema la, miiba ndiyo ngome ya machipukizi. Ikiondolewa, ng'ombe na wanyama wa mwitu watayala yakiwa bado laini. Madhav Gadgil, mtaalamu wa India aliyeikagua misitu hiyo katika miaka ya sabini, aliingia msituni akatazama kwa macho yake, akakuta kwamba wanavijiji wamesema kweli. Machipukizi yaliliwa, mashina yakafa, na mianzi iliyohesabiwa kuwa haitakwisha ikaanza kutafutwa mbali, katika misitu ya majimbo mengine.

Sheria nayo ilisaidia madhila. Sheria ya Misitu ya mwaka 1927, iliyoachwa na Waingereza, iliuhesabu mwanzi kuwa ni mti, kwa hiyo mtu wa msituni aliyeukata na kuusafirisha bila ya kibali alihesabiwa mwizi wa mali ya serikali. Ilipasa kungojwa mpaka sheria ya haki za watu wa misitu, iliyopitishwa mwaka 2006, ndipo wakaazi wa misitu walipopewa haki ya mwanzi. Na hata hapo haki ilibaki katika vitabu mpaka mwaka 2011, kijiji cha Wagondi kiitwacho Mendha Lekha, katika wilaya ya Gadchiroli, Maharashtra, kilipopata mamlaka ya kutoa chenyewe vibali vya kuuza mianzi yake. Kijiji hicho huamua mambo yake kwa watu wote kukubaliana, si kwa wengi kuwashinda wachache. Nakitaja kwa sababu kinaonesha kwamba msitu ukirudishwa mikononi mwa wanaoujua haukwishi.

Turudi Mizoram, maana mwaka 2007 ulileta ithibati ambayo mwanafalsafa hawezi kuitengeneza hata akitaka. Safari hii serikali ya jimbo, iliyoendeshwa na Wamizo wenyewe, iliiamini miadi. Watu waliolipwa kwa kila mkia wa panya waliouleta waliua panya kwa wingi usiosemeka. Wakulima walihimizwa kupanda manjano na tangawizi, ambavyo panya hawavipendi. Barabara zilikuwapo, na mchele wa serikali ulipandishwa milimani. Sitaki kuipamba habari hiyo kupita kiasi, kwani mavuno yaliharibika vibaya na wengi walipata dhiki. Lakini mianzi haiujui mpaka wa dola. Ilichanua pia ng'ambo ya mashariki, katika milima ya Wachin, ambao ni ndugu wa Wamizo kwa nasaba, lugha na dini. Panya walikuwa ni wale wale, na matunda ni yale yale. Huko Myanmar walitawala majenerali ambao hawakuwa na haja ya kuwasikiliza watu wa milimani, na kwa Wachin njaa ilikuwa kali, wengine wakavuka mpaka kuja Mizoram kutafuta chakula. Ikiwa kadari ya mianzi ilikuwa moja pande zote mbili, na hali za watu zikatofautiana, basi tofauti hiyo ndiyo sehemu ya binadamu katika msiba, nayo itahesabiwa juu ya binadamu.

Siku hizi tumeingia sote katika miadi iliyo kubwa kuliko ya mianzi. Wataalamu wa hewa wametangaza kwa miaka mingi kwamba moshi wa makaa na mafuta unaipasha dunia moto, na kwamba mvua zitakuja kwa namna nyingine, pengine chache, pengine nyingi mno kwa mara moja. Kusi inayowarudisha manahodha wetu kaskazini ndiyo inayovuka bahari na kuinyeshea India, na watu wa pande zote mbili za bahari hii wana haki ya kuulizana habari zake. Mwezi wa Mei 2024 mvua za tufani iliyoitwa Remal ziliipiga Aizawl. Machimbo ya mawe kando ya mji yaliporomoka juu ya nyumba, na katika jimbo zima walikufa watu zaidi ya ishirini. Tufani ilishuka kwa amri isiyo yetu. Machimbo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalikatwa kwa mikono. Na wakati huo huo milima ile ile inavuliwa mianzi na misitu michanga ili ipandwe michikichi kwa safu, kwa jina la maendeleo, ingawa wataalamu wa ndege waliohesabu pande zote mbili wameona kwamba makonde ya zamani, yaliyoachwa yakarudi kuwa mianzi, yana viumbe wengi kuliko shamba la michikichi. Kilimo hicho cha kuhamahama kimetukanwa miaka mia. Nakiri kwamba nacho kina upungufu pale ardhi inapopumzishwa muda mfupi mno, lakini kukitukana si sawa na kukijua.

Mwenye kujua na asiyejua hawawi sawa, na aghalabu sisi wenye kusoma huichukua kauli hiyo kwa kujitukuza, kana kwamba mwenye kujua amepewa kiti cha heshima. Mimi naona amepewa mzigo. Kabla ya kuambiwa, mtawala aliyeshindwa kujaza ghala alikuwa na udhuru. Baada ya kuambiwa, udhuru wake umekufa, nayo kadari haiwezi kusimama mahali pake kumtetea. Na hapa hukumu yangu ni wazi, ingawa najua wako wanazuoni watakaoiona kali: njaa ya mwaka 1959 haikuwa mtihani wa Mungu kwa Wamizo peke yao. Ilikuwa mtihani kwa Shillong na Delhi vilevile, na Shillong na Delhi zilianguka.

Kwa hesabu ya wazee mianzi ya Mizoram itachanua tena karibu na mwaka 2055. Wengi wetu tunaosoma maneno haya tutakuwa tumekwisha kwenda zetu. Kwa hiyo ombi langu si juu ya siku ile, ni juu ya leo, na ni kwa msomaji yeyote aliyekabidhiwa muhuri wa ofisi, awe afisa wa misitu, diwani au waziri: mzee akija kwako kutoka kijijini na habari ambayo vitabu vyako havina, mpe kiti, msikilize mpaka amalize, uliza maswali uliyonayo, kisha liandike neno lake katika daftari la serikali pamoja na tarehe, na jina lako chini yake.